Geuza Kinyago Uone Chini

Nyie vijana wa bodaboda mliofunga redio kwenye usukani pale stendi ya Masasi, zimeni injini kidogo tusikilizane. Leo sina mgeni studio. Niko peke yangu na kikombe cha chai, na nina jambo limenikaa rohoni tangu juma lililopita.

Ni jambo la picha. Najua redio haionyeshi picha, lakini mnivumilie, nitawachorea kwa mdomo.

Fundi mitambo wetu hapa, kijana mdogo tu, alinionyesha kwenye simu yake picha ya boksi la zabibu kavu. Zabibu hizi nimeshaziona kwenye maduka makubwa ya Dar es Salaam: boksi jekundu, katikati binti amevaa kofia nyekundu ya kufunga kidevuni, amekumbatia sinia la zabibu mbichi, nyuma yake jua la manjano. Boksi la kupendeza. Sasa kwenye picha ile ya simu kila kitu kiko vilevile, kofia ipo, sinia lipo, jua lipo, ila binti hayupo. Aliyevaa kofia ni mifupa. Fuvu linacheka, meno yote nje, na mikono ya mifupa imekumbatia zabibu. Chini yake yameandikwa majina ya sumu zilizotumika shambani: ya wadudu, ya utitiri, ya magugu, ya ukungu. Na jina la kampuni limechomolewa herufi moja tu, likawa na maana ya kichaa cha jua.

Nilicheka. Kisha nikanyamaza.

Aliyeitengeneza anaitwa Ester Hernández. Alizaliwa mwaka 1944 katika mji mdogo wa Dinuba, California, kwenye bonde la San Joaquin, bonde la mizabibu. Kwao walikuwa vibarua wa mashambani, watu wenye asili ya Mexico na kabila la Yaqui. Amekulia kwenye kazi hiyo hiyo ya kuinama. Mwishoni mwa miaka ya 1970 akapata habari kwamba maji ya kwao, yale waliyokuwa wakiyanywa na kuyaoga miaka yote, yameingia sumu za mashambani. Akakaa na hasira yake muda, halafu mwaka 1982 ikatoka picha ile. Na hakuichora kwa rangi ya mafuta ikatundikwa sebuleni kwa tajiri. Aliichapa, kwa njia ile ile wanayotumia vijana wetu kuchapa fulana za harusi na za kampeni, kitambaa kimekazwa kwenye fremu, wino unasukumwa kwa ubao. Nakala zikawa nyingi, mtu wa kawaida akaweza kubandika ukutani kwake. Leo nakala moja iko katika makumbusho ya taifa ya sanaa ya Marekani kule Washington, lakini safari yake ilianzia kwenye vumbi la shamba.

Sasa mtaniuliza, mzee, zabibu za California zinatuhusu nini sisi wa uwanda huu wa Makonde?

Zinatuhusu kwa salfa.

Msimu kama huu, ukiondoka Masasi alfajiri kuelekea Newala, kabla jua halijapanda, utaona kitu cheupe kimelala juu ya mikorosho. Mgeni atasema ni ukungu. Sisi tunajua. Ni watu wameamka saa kumi za usiku na mashine ya kupulizia mgongoni, wanawahi kabla ya upepo, kwa sababu ubwiriunga ukishika maua hakuna korosho mwaka huo, na bila korosho hakuna bati, hakuna ada, hakuna mahari. Mama yangu alikuwa akijifunga kanga puani. Sisi watoto tuliamshwa kubeba mifuko. Macho yakiwasha tuliambiwa tusiyafikiche, na kuosha ilikuwa mtihani, maana maji ya kule juu kila mtu anayajua habari zake. Watu wa Newala wameteremka genge na kulipanda tena vizazi na vizazi kwa ajili ya ndoo moja.

Na huko California mizabibu nayo hupuliziwa salfa, kwa ugonjwa wa jamii ile ile ya ubwiriunga. Kwa hiyo mama yule wa Dinuba na mama yangu walivuta unga wa namna moja, na bahari mbili katikati. Sisemi salfa yetu ni sawa na sumu zote zilizotajwa kwenye boksi lile. Hilo muulize bwana shamba wa kata yako, na umuulize pia barakoa inauzwa wapi. Ninachosema ni hiki: mwenzetu mmoja alikulia kwenye unga ule, akachukua boksi la bidhaa waliyoilima kwao, akaligeuza likasema kweli.

Nikajiuliza, boksi la korosho limegeuzwa na nani? Korosho yetu inapanda meli kila mwaka. Mwaka 2018 wakulima wa huku walikataa bei za mnada, serikali ikatangaza itanunua yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, malori ya jeshi yakapanda mpaka vijijini kusomba magunia. Mliyaona. Malori yale ninayo kichwani mpaka leo, lakini mchoro wake sijauona popote. Mikono ya kina mama wanaobangua, ile iliyochubuliwa na mafuta ya ganda mpaka ngozi ikawa na mabaka, sijaiona imechorwa. Na kangomba je? Yule anayekuja wakati wa njaa, korosho ingali ua, anakupa senti za kununua debe la unga na kuandika kwenye daftari magunia ambayo hayajazaliwa. Mtu kama huyo hana hata kikaragosi kimoja!

Nikataka kusema hatuna wasanii. Nikajishika mdomo. Maana Masasi hii ndiyo iliyomzaa George Lilanga.

Wangapi mnamjua? Mkono juu. Naona kimya.

Basi tukae naye kidogo. George Lilanga alizaliwa mwaka 1934, na vitabu vinavyomweleza vinataja kijiji cha Kikwetu, wilaya ya Masasi. Alikuwa Mmakonde, akafundwa kuchonga kama vijana wa zama zake. Inasimuliwa kwamba alianza na mizizi laini ya mhogo kabla hajaushika mpingo, na mimi ninaiamini hadithi hiyo, maana nani kati yetu hakuchonga gari la mhogo utotoni? Mpingo si mti wa kujifunzia. Mpingo unavunja patasi ya fundi mzembe.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 akaenda Dar es Salaam, kwa ndugu yake Augustino Malaba, naye mchongaji. Wakati huo kilikuwa kimeanzishwa kituo cha wasanii kilichoitwa Nyumba ya Sanaa, mwaka 1972, na mtawa wa Kimarekani wa shirika la Maryknoll, Sista Jean Pruitt. Kituo kilipokea vijana wasio na kazi na watu wenye ulemavu, wakafundishwa kuchora, kuchapa, kutia rangi nguo. Robino Ntila, mchapaji hodari wa picha, naye mtu wa Masasi, amepitia hapo hapo. Na Lilanga alipokelewa kwa kazi gani? Mlinzi wa usiku. Wengine wakitengeneza mchana, yeye alilinda usiku vitu walivyotengeneza. Sijui mnanielewa. Mchongaji wa Masasi, koti zito na rungu, analinda vinyago vya watu.

Haikuchukua muda wakagundua kwamba mlinzi ana mkono kuliko wanaolindwa. Akaanza kuchora kwenye ngozi za mbuzi, kwenye vitambaa, baadaye kwenye mbao na turubai. Mwaka 1978 kazi zake zilipelekwa Washington. Jengo jipya la Nyumba ya Sanaa lilipofunguliwa mwaka 1983, milango na vyuma vyake vilibeba viumbe vya Lilanga. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kazi zake zilikuwemo kwenye maonyesho makubwa ya Africa Remix, yaliyoanzia Düsseldorf mwaka 2004 yakazunguka London, Paris, mpaka Tokyo na Johannesburg. Kisukari kikamla miguu. Alikatwa, akaendelea kufanya kazi amekaa kwenye kiti. Alifariki Dar es Salaam mwezi Juni mwaka 2005.

Viumbe vyake ndivyo ninavyotaka mvione. Jaza ukuta mzima watu, usiache hata tundu la kupitisha kidole. Watu hao wana masikio makubwa kama majani ya mgomba, macho yametoka, midomo mipana, matumbo yamebinuka, na vidole viwili vitatu tu kila mkono. Rangi zinapiga kelele, nyekundu, buluu, njano, kila mmoja ametiwa madoa kama kanga dume. Mashetani hao. Lakini mashetani wanafanya nini? Wako kwa daktari. Wako kwenye kikao. Wanagombana, wanakunywa, wanabebana, wanasuta, wanakwenda safari. Na kila picha ina anwani, si neno moja la kujikuza, ni sentensi ndefu ya Kiswahili cha mtaani kama mtu anayekusimulia umbea kibarazani.

Lilanga hakuwa mwanaharakati. Hakubeba bango, hakuchora ngumi iliyoinuliwa. Wako wanaomvisha joho hilo siku hizi kwa sababu linauzika, mimi simo. Ila kaeni na picha yake moja kwa dakika kumi mniambie mkubwa ni yupi. Hayupo! Daktari ana tumbo lile lile la mgonjwa. Mwenyekiti ana masikio yale yale ya mjumbe. Kumbukeni na zama zenyewe: kuta za ofisi zilijaa mabango ya wakulima wenye vifua kama milango, jembe begani, wanatazama mbali. Yeye akachora watu wenye vitambi na meno yaliyopinda, wanaokanyagana. Huo nao ni usawa, na mimi nauona kuwa wa kweli zaidi kuliko ule wa mabango, kwa sababu hakumsafisha mtu yeyote, wala maskini.

Na hilo hakuliokota Dar es Salaam. Alitoka nalo huku. Jando likiisha, midimu ya vinyago ikitoka, au lipiko kwa wenzetu wa ng'ambo ya Ruvuma, mnajua nani huchekwa. Zama za ukoloni wachonga vinyago wa Kimakonde walimchonga bwana mkubwa na kofia yake ngumu, wakamchonga mfanyabiashara na tumbo lake, wakamchonga padri. Mchezaji anajifunika uso, anatembea kama yule yule bwana anavyotembea, uwanja mzima unaanguka kwa kicheko, na bwana mwenyewe pengine amekaa pale pale mbele kwenye kiti cha heshima anapiga makofi, haelewi. Wahenga walisema kinyago ulichokichonga mwenyewe hakikutishi. Hawakusema habari za yule aliyechongwa.

Halafu uwanda huu una historia ya watu wanaokimbia na kupokelewa. Mji wa Masasi wenyewe ulishika baada ya mwaka 1876, Askofu Edward Steere alipowaleta hapa watu waliokombolewa utumwani, wakakaa chini ya majabali haya. Na askofu aliyekaa hapa kuanzia 1960 mpaka 1968 alikuwa Trevor Huddleston, yule aliyekuwa mwiba kwa makaburu wa Afrika Kusini. Mwaka huo huo wa 1960, tarehe 16 Juni, pale Mueda ng'ambo ya mto, Wareno waliwapiga risasi watu waliokuja kudai haki yao mbele ya ofisi. Ukisimama Newala pale Shimo la Mungu ukatazama bonde la Ruvuma, huko kwenye buluu ndiko walikotoka waliopokelewa huku. Wamakonde wengi walikuwa wameshavuka tangu zamani kwenda kukata mkonge kwenye mashamba ya Tanganyika. Baada ya Mueda na vita vilivyofuata wakavuka zaidi. Walikuja na watoto, na mafiga, na patasi.

Ndio hao waliobadilisha uchongaji. Samaki Likankoa alikuwa mmoja wao. Mwishoni mwa miaka ya 1950, inasimuliwa, kazi yake moja ilivunjika, akaipeleka hivyo hivyo kwa mfanyabiashara Mohamed Peera pale Dar es Salaam, badala ya kukataliwa akaambiwa leta zaidi. Mashetani ya mpingo yakazaliwa, yale yaliyopinda, yenye jicho moja na tobo tumboni. Mwingine ni Roberto Yakobo Sangwani. Huyu alichonga mcheza mieleka aliyeshinda, amenyanyuliwa na wenzake. Mtindo ukakua, watu wakaongezeka, wakapandana mpaka likawa gogo zima la binadamu walioshikana. Wenyewe waliuita dimoongo, yaani nguvu. Lilipokuja Azimio la Arusha mwaka 1967 gogo lile lile likapata jina jipya, Ujamaa, likaingia kwenye ofisi za serikali na mizigo ya mabalozi.

Hapo ndipo mimi husimama. Siku ukiliona gogo la Ujamaa, usitazame juu, tazama chini kabisa. Kuna mtu pale. Shingo imeingia mabegani, magoti yamekunjwa, amebeba ukoo mzima. Wenzake wa juu wanacheka na kunyonyesha. Yule wa chini uso wake mara nyingi haukumaliziwa vizuri, kwa sababu mnunuzi haangalii huko. Nimewahi kumuuliza mchongaji mmoja mzee, kwa nini wa chini hana macho? Akaniambia, "Mwanangu, huyo ndiye mimi."

Sasa nifike pale ninapokwenda.

Mwaka 1906, Majimaji ikiwa bado inatoa moshi, alikuja huku Mjerumani mmoja wa makumbusho ya Leipzig, Karl Weule. Alikaa Masasi, Chingulungulu, Newala, Mahuta. Alikusanya vitu, vinyago vikiwemo, vikaenda Leipzig. Lakini alifanya na jambo moja la ajabu: aliwapa watu karatasi na penseli, akawaambia chora unachotaka. Walichora. Kitabu chake kilipotoka mwaka 1908 michoro ile ilichapishwa, na pembeni pameandikwa majina ya waliochora. Mmoja wao ni mpagazi wake aliyeitwa Pesa Mbili. Mpagazi! Leo miaka zaidi ya mia moja baadaye tunajua kwamba Pesa Mbili alichora hiki na kile.

Kazi za mti hazikupata bahati hiyo. Kwenye makumbusho ya Ulaya desturi ilikuwa kuandika kabila, basi. Kinyago, Makonde. Kama vile kabila zima lilikaa kikao likashika patasi moja.

Mfano ulio wazi ni kinyago kilichoibwa kwenye Makumbusho ya Taifa Dar es Salaam mwaka 1984, pamoja na vitu vingine. Mwaka uliofuata kilinunuliwa na makumbusho ya Barbier-Mueller ya Geneva. Mwaka 1990 kikatambuliwa kwamba ni mali yetu ya wizi. Mazungumzo yakaenda, yakakwama, yakafufuliwa, na tarehe 10 Mei 2010 kikakabidhiwa rasmi kwa Tanzania mjini Paris. Miaka 26 kilikuwa nje. Serikali mbili zinakitaja, wanasheria wanakitaja, na wote wanakitaja kwa jina hilo moja: Kinyago cha Wamakonde. Tumedai kitu chetu tukakipata, vizuri sana, nampongeza kila aliyehangaika. Lakini kuna mtu aliketi chini ya mti kwenye uwanda huu akakitoa uso ule ndani ya gogo. Huyo bado hajarudi.

Jirani yetu wa Tunduru alipatwa na kinyume chake. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932, akachora miaka michache tu Dar es Salaam kwa rangi za baiskeli, akapigwa risasi na polisi kimakosa mwaka 1972. Jina lake likapona. Likapona mno! Sasa kila tembo na kila twiga anayechorwa barabarani anaitwa tingatinga, na kijana aliyemchora usiku kucha anauza jina la marehemu badala ya lake.

Na Lilanga wetu, ambaye alitia sahihi kazi zake, ambaye ni mmoja wa wachache wa huku waliojulikana duniani kwa jina la baba yao, hata yeye hadithi yake haikunyooka. Miguu ilipokatwa na maagizo yakawa mengi, karakana yake ilijaa wasaidizi. Wengine walichonga, wengine walitia rangi, wengine waliweka madoa. Kazi zikatoka zimeandikwa Lilanga. Siwahukumu, hata mafundi wakubwa wa Ulaya ya kale walifanya hivyo, na mgonjwa ana ada ya hospitali ya kulipa. Lakini naona jambo limejirudia: mtu wa juu kwenye gogo amepata jina, na chini yake kuna mikono haina macho.

Nilipofikiria hivyo usiku ule, boksi la zabibu likanirudia kwa namna nyingine. Ester Hernández ana nguvu kwa sababu tunajua ni nani. Tunajua ni binti wa vibarua, tunajua mji, tunajua maji gani aliyanywa. Wenzake walikuwa wameshapigana kabla yake. Vibarua wa mizabibu wa Delano waligoma kuanzia 1965 mpaka 1970, wakiongozwa na akina César Chávez na Dolores Huerta, wakawaomba kina mama wa mijini wasinunue zabibu. Picha yake inasimama juu ya mabega hayo, na jina lake linakuambia yanaanzia wapi. Ingekuwa imeandikwa tu "Sanaa ya Wamexico", fuvu lile lingekuwa pambo.

Ndivyo tulivyofanywa sisi. Na tuseme ukweli, ndivyo tunavyofanyana. Mchongaji wa kijijini anauza kama mkulima anavyouza kwa kangomba. Mtoto anaumwa, kinyago hakijakauka, mnunuzi amesimama mlangoni. Anachukua kwa bei ya dawa. Kinapofika mjini kinapakwa kiwi ya viatu king'ae, kinawekwa rafuni, na mtalii akiuliza nani kachonga anaambiwa, wazee wa Makonde. Hakuna stakabadhi, hakuna mnada, hakuna chama cha ushirika cha kumlilia. Korosho angalau gunia lina namba.

Ujumbe mmoja umeingia hapa kwenye simu wakati naongea, msikilizaji wa Kitangari anasema: mzee, jina litanipa unga? Swali zuri, sitalikwepa. Jina peke yake halipiki ugali. Lakini mwenye jina anaweza kutafutwa, anaweza kuagizwa kazi ya pili, anaweza kuingia ofisini akasema ile ni yangu. Sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 tunayo, ipo, imekaa kabatini. Sasa utamlinda vipi mtu ambaye hakuandikwa? Lilanga asingetia sahihi, leo ningewaambia habari za shetani mmoja wa Kimakonde mwenye masikio makubwa, nanyi mngesema ahaa, na tungeenda kulala.

Na vijana mnaochora, mpo, nawaona. Mnachora nyuma ya bajaji, mnachora kwenye saluni vichwa vya wanamuziki wa Marekani, mnaandika vibao vya maduka kwa mkono wa dhahabu. Sitaki mumwige Lilanga, wamekwisha kumwiga wa kutosha. Sitaki mumwige na yule mama wa California. Ila kuna boksi la korosho pale dukani halina mwenyewe. Kuna mama mwenye mabaka mikononi. Kuna mtu saa kumi za alfajiri amefunga kanga puani. Kuna kangomba na daftari lake! Huyo nawaombeni, masikio msimpunguzie.

Muda umenibana, fundi mitambo ananipungia mkono. Juma lijalo saa hii hii nitakuwa na mzee mmoja wa Newala aliyecheza midimu enzi za ujana wake, msikose.

Kabla ya hapo nina ombi. Mwenye kinyago nyumbani, kiwe cha jando, kiwe gogo la Ujamaa lililobaki kwa babu, kiwe kile kinachozuia mlango usipigwe na upepo, akichukue usiku huu, akigeuze, atazame chini. Kama kuna jina, tupigie simu ulisome hapa hewani. Kama hakuna, muulize mkubwa wa nyumba nani alikichonga, wa kijiji gani, mwaka gani kwa kukisia. Halafu chukua kalamu ya wino usiofutika, andika.